Seti ya Mita na Kitasa cha Injini: Istilahi za Kazi Moja ya Gereji

Yapo maneno ambayo utata wake humgharimu mtu fedha. Mojawapo ni kitenzi kufunga kinapotumiwa gerejini. Fundi asemapo kwamba mita imefungwa, mwenye gari huelewa kuwa mita imewekwa mahali pake na kazi imekwisha. Lakini kitenzi hicho hicho ndicho tukitumiacho kwa mlango uliotiwa ufunguo. Gari la siku hizi laweza kufungwa mita kwa maana ya kwanza, na kwa sababu hiyo hiyo injini yake ikafungwa kwa maana ya pili. Katika makala haya tunakusudia kuieleza kazi hiyo, kisha kupendekeza istilahi zitakazowawezesha fundi na mwenye gari kuelewana kabla fedha hazijalipwa.

Tuanze na chombo chenyewe. Nyuma ya usukani, mbele ya macho ya dereva, mna chombo kimoja kinachobeba mita ya mwendo, mita ya masafa, geji ya mafuta, geji ya joto na taa za onyo. Wengi hukiita dashibodi. Lakini dashibodi ni ubao mzima wa mbele, pamoja na mahali pa redio. Wengine hukiita mita, jina ambalo kwa hakika ni la kipimo kimoja tu kati ya hivyo. Tunapendekeza seti ya mita. Maneno yote mawili yamekwisha kuwa ya Kiswahili, na msikilizaji hahitaji kufafanuliwa.

Dhana ya pili ni mtambo wa kuzuia wizi. Watu wengi huuita alamu, hali alamu kazi yake ni kupiga kelele. Mtambo tunaouzungumzia hupinga wizi kimya kimya. Katika kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Ufunguo utiwapo katika swichi, pete ya waya iliyoizunguka swichi huipa chipu hiyo nguvu kwa mawimbi, nayo hujibu kwa kujitambulisha. Ikitambulikana, injini huruhusiwa kufanya kazi. Isipotambulikana, injini hukataa kuwaka au huzimika mara moja. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 1995, ulitaka magari mapya ya abiria yawe na mtambo huu kuanzia Oktoba 1998, na Kanada ikaweka sharti kama hilo mwaka 2007.

Mafundi huuita mtambo huu imobilaiza. Hatuna ugomvi na maneno ya kukopa, lakini kanuni ya kazi yetu ni kutafuta kwanza nyumbani. Kiswahili kina neno kitasa: kifungio kilichokazwa mlangoni, kisichofunguka ila kwa ufunguo wake. Hiyo ndiyo dhana yenyewe. Kwa kuwa milango ya gari na usukani navyo vina vitasa vyake, tunapendekeza kitasa cha injini.

Faida ya jina hili huonekana pale seti ya mita inapobadilishwa. Katika baadhi ya magari, kwa mfano Volkswagen Golf ya toleo la 4, kitasa cha injini kimo ndani ya seti ya mita. Anayenunua seti iliyotumika, basi, amenunua mlango pamoja na kitasa cha nyumba ya watu, na funguo alizo nazo hazikifungui. Injini huwaka kwa sekunde moja au mbili, kisha huzimika. Asiyejua sababu hudhani kuwa mafuta hayafiki, akaenda kununua pampu ambayo gari halikuihitaji. Si magari yote yaliyoundwa hivyo. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kununua ni hili: kitasa cha injini kimo wapi?

Baada ya hapo huja kazi ambayo kwa jumla huitwa kuprogramu. Neno hili limebeba kazi tatu, nasi twaona ni heri kila moja ipewe jina lake.

Ya kwanza ni kuoanisha, yaani kuifanya seti ya mita na kompyuta ya injini zitambuane. Kwa kawaida fundi hutumia kompyuta ya kupimia pamoja na namba ya siri ya gari.

Ya pili ni kusajili ufunguo. Katika magari kama hilo tulilolitaja, funguo zote husajiliwa kwa mkupuo mmoja, na ule usiokuwapo hufutika katika orodha. Kwa hiyo mwenye gari hana budi kwenda na funguo zake zote. Vilevile, aliyeibiwa ufunguo aweza kuufuta: utaendelea kufungua mlango na kuzunguka katika swichi, lakini injini haitautii.

Ya tatu ni kurekebisha masafa, kwa kuwa seti iliyotumika huja na kilomita za gari jingine. Hapa istilahi ina uzito wa kisheria. Nchini Marekani, mita ya masafa iliyobadilishwa isipoweza kuonyesha idadi ile ile ya awali, sheria hutaka ianzishwe kwenye sifuri, na maandishi yenye masafa ya awali na tarehe yabandikwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto. Kurekebisha masafa ni kuifanya mita iseme kweli. Kurudisha masafa nyuma ni kumdanganya mnunuzi. Vitendo hivi viwili visiitwe kwa jina moja.

Mwisho, kwa kazi ya mikono ya kuweka chombo mahali pake, tunapendekeza kupachika, ili kufunga kubaki na kitasa. Hapo hati ya fundi itasomeka hivi: seti ya mita imepachikwa, imeoanishwa; funguo 2 zimesajiliwa; masafa yamerekebishwa. Mwenye gari ataweza kukagua neno kwa neno, na lililokosekana ataliuliza.

Mafundi na walimu wa vyuo vya ufundi wanaombwa wayapime maneno haya kazini, kisha watuletee maoni yao.