Kiraka kilikuwepo, ufa haukuonekana

Machi 7 mwaka 2017 ilitangazwa kwamba programu ya Apache Struts, inayotumiwa kujengea tovuti duniani kote, ina dosari ya hatari. Toleo jipya lililoiziba dosari hiyo lilikuwa tayari, tena bila malipo. Miezi sita baadaye, kampuni ya Equifax ya Marekani ilikiri kwamba taarifa za mamilioni ya watu zimeibwa kwa kupitia dosari hiyohiyo.

Kisa hicho kingali kinafundishwa hadi leo, kwa sababu kinajibu swali linalowatatiza wengi: ikiwa dawa ipo na haina bei, kwa nini mgonjwa hakuinywa?

Misumari ya mtu mwingine

Wengi hudhani kwamba kampuni inapotengeneza tovuti, mafundi wake huandika kila mstari wa programu. Sivyo. Seremala hafui misumari yake mwenyewe, huinunua. Mtengenezaji wa tovuti naye huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine: kimoja cha kupokea mafaili, kingine cha kutunza kumbukumbu za matukio, kingine cha kuwasiliana na hifadhidata. Vingi hutolewa bure, na aghalabu hutunzwa na watu wanaojitolea.

Kila kipande nacho huweza kuwa kimejengwa juu ya vipande vingine, ambavyo aliyekichukua hakuvichagua na pengine hajui kama vimo.

Struts ni kimojawapo cha vipande vya aina hiyo. Mtu anapopeleka faili kwenye tovuti, kompyuta yake hutanguliza maelezo ya aina ya faili hilo. Maelezo yakiwa na kosa, Struts ilitunga ujumbe wa kueleza kosa lenyewe. Dosari ilikuwa hapo: mvamizi aliyeficha amri ndani ya maelezo hayo aliifanya seva izitekeleze, bila ya kuhitaji jina wala neno la siri.

Onyo lililopotea njiani

Equifax ni miongoni mwa makampuni yanayohifadhi kumbukumbu za madeni na malipo ya watu. Mabenki huziuliza kabla ya kukopesha, na wenye nyumba kabla ya kupangisha. Kwa hiyo hata mhamiaji aliyekopa au kupanga nyumba Marekani anaweza kuwa na faili huko, ingawa hakuliomba.

Onyo la serikali ya Marekani lilitolewa Machi 8. Siku iliyofuata, Equifax iliwaandikia mafundi wake kwamba dosari hiyo izibwe, na kanuni zake zilitoa muda wa saa 48. Lakini kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2018 ya ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Baraza la Congress, orodha ya waliopelekewa onyo ilikuwa imepitwa na wakati, na waliohusika na kuweka kiraka hawakulipata. Baadaye mitambo ilikaguliwa ili kutafuta dosari hiyo. Tovuti ambayo wateja waliitumia kulalamikia makosa katika kumbukumbu zao haikugunduliwa kwamba inaitumia Struts.

Wavamizi walikuwa wameigundua Machi 10. Mei 13 walianza kuchota. Walikuta majina na maneno ya siri yaliyohifadhiwa bila kufichwa, yakawafungulia hifadhidata nyingine nyingi. Chombo kilichopaswa kukagua mawasiliano yanayotoka kilikuwa kipofu, kwa kuwa cheti chake kilikuwa kimekwisha muda. Kilipowekewa cheti kipya mwishoni mwa Julai, wizi ulionekana mara moja. Ulikuwa umedumu kwa siku zipatazo 76.

Watu wapatao milioni 147 waliathirika nchini Marekani. Majina yao, tarehe za kuzaliwa na nambari za hifadhi ya jamii ziliibwa, na hivyo si vitu ambavyo mtu hubadilisha kama anavyobadilisha kufuli. Mkurugenzi mkuu, Richard Smith, aliondoka mwezi Septemba. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola zisizopungua milioni 575. Mwaka 2020 Marekani iliwafungulia mashtaka wanajeshi wanne wa China, nayo China ikakanusha kuhusika.

Kuweka kiraka si kubonyeza kitufe

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii ugumu hutangulia hapo: kuujua ufa uko ukuta upi. Hatua ya kwanza, basi, ni kuwa na orodha ya vipande vyote vilivyomo katika kila tovuti, pamoja na nambari za matoleo yake.

Toleo jipya linapotoka, mafundi huliweka kwanza katika nakala ya majaribio, kwani huweza kuvunja sehemu nyingine zilizozoea toleo la zamani. Likipita, tovuti hujengwa upya na kuwekwa mahali pa ile ya awali, kisha hukaguliwa kutoka nje ili kuthibitisha kwamba ufa umezibika kweli. Mwisho husomwa kumbukumbu za siku zilizotangulia. Kiraka hufunga mlango, lakini hakimtoi mwizi aliyekwisha kuingia.

Umuhimu wa orodha ulidhihirika tena Desemba mwaka 2021, ilipofichuliwa dosari katika Log4j, kipande kidogo cha kutunza kumbukumbu za programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Kilikuwa kimejificha ndani ya vipande vingine, na makampuni mengi yalitumia siku kadhaa kuuliza tu: je, kwetu kimo? Kiraka cha kwanza hakikutosha, vikafuata vingine mwezi huohuo. Asiyejua alikiweka wapi cha kwanza alilazimika kuanza upya kila mara.

Mei mwaka huohuo, amri ya Rais Joe Biden ilikuwa imeelekeza kwamba wanaoiuzia serikali programu watoe orodha ya vipande vilivyomo ndani yake, mfano wa viungo vinavyoandikwa kwenye pakiti ya chakula. Orodha hiyo hufaa ikiwa inalingana na kilichopo leo kwenye seva. Equifax nayo ilikuwa na orodha ya watu wa kuonywa, ila ilikuwa ya zamani.