Dawa Mbili Katika Kidonge Kimoja: Kwa Nini Dawa za Maumivu Zenye Kodeini Huhitaji Cheti cha Daktari

Mwananchi anayefika dukani kuomba dawa kali ya maumivu aliyowahi kupewa ndugu au jirani yake hutakiwa kwanza kwenda kuonwa na tabibu. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa ni usumbufu. Sababu yake, hata hivyo, imo ndani ya kidonge chenyewe.

Baadhi ya vidonge vya maumivu hubeba dawa mbili. Ya kwanza ni parasetamoli, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Panadol. Ya pili ni kodeini au tramadoli, dawa za jamii ya afyuni zinazofanya kazi katika ubongo na kupunguza hisia ya maumivu. Zikiunganishwa, kila moja hutuliza maumivu kwa njia yake, na mgonjwa aliyevunjika mfupa au aliyetoka katika upasuaji hupata nafuu ya kweli.

Hatari huanza pale kipimo kinapopandishwa. Mwili huizoea kodeini, na kipimo cha jana huonekana hakitoshi leo. Anayeongeza vidonge akitafuta nafuu ya kodeini huongeza na parasetamoli bila kukusudia. Kwa kawaida mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Akimeza vidonge 12 vya mchanganyiko vyenye kiasi hicho cha parasetamoli, amefikisha gramu 6, kiwango kinachoweza kuharibu ini. Huweza pia kuvuka mpaka huo anayetumia kidonge cha mchanganyiko na papo hapo akameza Panadol kwa ajili ya homa. Dalili za ini kudhurika huweza kuchelewa kwa siku moja au zaidi; hivyo aliyezidisha dozi hana budi kuwahi hospitali hata kama anajisikia mzima.

Kodeini nayo ina hatari zake. Ini hugeuza sehemu yake kuwa mofini, na kwa baadhi ya watu ugeuzaji huo ni wa kasi kiasi kwamba hata dozi ya kawaida huweza kudhoofisha upumuaji. Ndiyo maana watoto walio chini ya miaka 12 na mama wanaonyonyesha hawapaswi kuitumia. Kuichanganya na pombe au dawa za usingizi huongeza hatari hiyo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya uliweka udhibiti mwepesi kwa michanganyiko yenye kodeini kidogo kuliko kwa kodeini halisi. Baadaye nchi kadhaa ziliona wepesi huo umezidi. Ufaransa ilianza kudai cheti kwa dawa zote zenye kodeini mwaka 2017, na Australia mwaka 2018.

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba husajili dawa na kudhibiti uingizaji wake, na Baraza la Famasi husimamia wafamasia na maeneo yanayotoa dawa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inagusa pia dawa tiba zenye asili ya kulevya. Duka la Dawa Muhimu halina ruhusa ya kuuza dawa hizi. Hutolewa hospitalini na katika famasi, kwa cheti.

Udhibiti huu haukusudii kumnyima mgonjwa haki yake ya kutulizwa maumivu. Mgonjwa mwenye saratani, kwa mfano, huweza kuandikiwa mofini. Aliyekwisha kuzoea dawa naye asiache ghafla kwa siri. Aende kituo cha afya apunguziwe dozi hatua kwa hatua. Uraibu ni ugonjwa unaotibika.

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Kusoma jina la kila dawa iliyomo katika kidonge, si jina la biashara pekee.
- Kumweleza tabibu dawa zote wanazotumia.
- Kutompa mtu mwingine dawa waliyoandikiwa wao.
- Kuhifadhi dawa mbali na watoto, na kumuuliza mfamasia namna ya kuteketeza zilizobaki.
- Kumkimbiza hospitali mara moja mtu aliyemeza dawa hizi akawa na usingizi usio wa kawaida au anapumua polepole.