Mtangazaji Kapotelea Wapi? Safari ya Sauti Kutoka Dishi Hadi Sabufa

Mechi imeanza. Kelele za mashabiki zimejaa sebuleni, ngoma zinasikika mpaka barabarani, lakini mtangazaji hayupo. Ukitega sikio karibu na spika unamsikia kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mwenye nyumba anaamua kwamba sabufa imeungua, anaipakia kwenye bodaboda kutoka Kibaoni mpaka kwa fundi mjini Ifakara, na kule kwa fundi inaimba bila tatizo lolote.

Fundi mzoefu hagusi hata skrubu. Huuliza tu: "Mama, waya wa kutoka kwenye king'amuzi umekuja nao?"

Chaneli nyingi tunazotazama hurushwa kwa sauti ya stirio, yaani njia mbili, kushoto na kulia. Sauti ya mtangazaji huwekwa kwa kiasi kilekile katika njia zote mbili, ndiyo maana tunaisikia kama inatoka katikati ya TV. Kelele za uwanja huchukuliwa na maikrofoni zilizotawanywa, hivyo kila njia ina kelele zake. Sasa pini isipozama mpaka mwisho, au ule waya wa groundi unaotumiwa na pande zote mbili ukikatika ndani, sabufa haipati tena kushoto na kulia. Inapata tofauti kati ya hizo mbili. Kilicho sawa pande zote hujifuta, kilicho tofauti hubaki. Mtangazaji anafutika, uwanja unabaki, na besi nayo hupungua kwa sababu kwa kawaida huwekwa katikati vilevile. Sukuma pini mpaka ikae, au nunua waya mwingine. Hapo tatizo limekwisha, na nauli ya bodaboda imebaki mfukoni.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi ya kufikiri. Enzi za analojia, antena ikidhoofika TV ilijaa chenga na sauti ikajaa mchakacho, hivyo angani na kwenye waya kulikuwa na ugonjwa wenye dalili zinazofanana. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu tuingie kwenye dijitali dalili zimetengana. Sauti inayotoka angani ama ni safi ama inakatikakatika pamoja na picha kuganda. Haiwezi kuunguruma, haiwezi kuchakacha, haiwezi kumpoteza mtangazaji. Ukisikia mngurumo, usipande juu ya paa kugeuza dishi. Na picha ikiganda kila mvua inaponyesha, usihangaike na nyaya za sabufa.

Twende kwenye nyaya zenyewe. Azam TV ilianza kurusha matangazo mwaka 2013, na mwaka 2021 ikasaini na TFF mkataba wa Ligi Kuu wa miaka 10. Ni vigumu sasa kupita mtaa usio na dishi, na king'amuzi kikishaingia ndani, kinachofuata ni sabufa. Msimamo wangu, ambao wenye maduka hawaupendi, ni kwamba kwa nyumba yenye sabufa ya kawaida ya spika mbili au tatu, waya wa bei rahisi wenye ncha nyekundu na nyeupe unatosha kabisa. Sauti inayorushwa ni ya njia mbili, waya una njia mbili, sabufa ina njia mbili. Waya wa bei mbaya hauwezi kuongeza kitu ambacho hakikurushwa.

Kanuni ni moja: kutoka OUT ya king'amuzi kwenda IN ya sabufa. Inaonekana jambo dogo, lakini hom thieta zenye deki ya DVD ndani yake zina matundu mengi nyuma, na mengi kati ya hayo ni ya kutoa picha kwenda kwenye TV. Ukichomeka OUT kwa OUT, hakuna kitakacholia na hakuna kitakachoungua. Tafuta palipoandikwa AUX au AUDIO IN, kisha kwa rimoti uiambie sabufa isikilize hapo hapo. Wengi huunganisha vizuri kabisa halafu sabufa imebaki kwenye FM.

Ving'amuzi vidogo vya siku hizi havina matundu matatu ya rangi. Vina tundu moja jembamba la pini, na waya wake huanza na pini moja na kuishia ncha tatu. Hapa pana mtego: mpangilio wa ndani ya pini haufanani kwa kila kampuni, kwa hiyo waya wa king'amuzi cha jirani unaweza kupeleka picha kwenye ncha nyeupe na sauti kwenye ya njano. Usiamini rangi, amini masikio. Punguza sauti ya sabufa, chomeka ncha moja moja; ile inayotoa mngurumo mkali ndiyo ya picha, zilizobaki ndizo za sauti.

Baada ya hapo panga viwango. Sauti ya king'amuzi ipandishe mpaka karibu na mwisho, kisha uongeze na kupunguza kwa rimoti ya sabufa. Watu wengi hufanya kinyume: king'amuzi kiko chini, sabufa imefunguliwa yote, na matokeo yake ni mvumo wa "shiiii" nyuma ya kila neno. Sabufa inakuza kila inachopokea, pamoja na uchafu wa waya. Mpe mtangazaji nguvu kabla hajaingia kwenye waya. Ila kama king'amuzi chako huanza kukwaruza kikifika juu kabisa, rudisha hatua chache.

HDMI na waya wa mwanga nitavipitia haraka, kwani ni vya wenye hom thieta kubwa au spika ndefu ya chini ya TV. Kama TV na mtambo vyote vina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, king'amuzi kinaingia kwenye TV kwa waya mmoja, na waya wa pili unarudisha sauti kutoka TV kwenda kwenye mtambo. Waya wa mwanga hufanya kazi hiyohiyo bila umeme kupita. Ukiunganisha ukasikia kimya kitupu, au mkwaruzo mkali, ingia kwenye mipangilio ya sauti ubadilishe kutoka Dolby kwenda PCM. Mtambo ulikuwa unapokea lugha usiyoijua.

Lakini aliyenunua hom thieta ya spika tano na sabufa yake ajiandae kwa jambo moja: spika za nyuma zinaweza kukaa kimya mechi nzima. Si mbovu. Sauti ya njia mbili haina kitu cha kuzipelekea, labda ubonyeze kitufe cha Pro Logic au kinachofanana nacho, ambacho hukisia cha kupeleka nyuma. Kwa filamu si mbaya. Kwa mpira mimi hukizima.

Na ile namba kubwa kwenye boksi, wati elfu kadhaa za PMPO, ipuuze. Geuza sabufa utazame kibandiko cha nyuma kinachoonyesha inakula wati ngapi za umeme. Kama inakula 60, haiwezi kutoa 5,000. Cha kulinganisha dukani ni wati za RMS, na kama muuzaji hazijui, kibandiko kitakuonyesha kikomo chake.

Kuna lalamiko la midomo kutokwenda na maneno. Tazama kipi kinatangulia. Sauti ikichelewa, mara nyingi umeunganisha kwa Bluetooth, ambayo hufungasha sauti na kuifungua upya na hivyo kupoteza sehemu ya sekunde. Rudi kwenye waya. Sauti ikitangulia picha, TV yako ya flati ndiyo inayochukua muda kuipamba picha wakati sauti imeshakwenda moja kwa moja kwenye sabufa. Basi chukua sauti kutoka kwenye TV badala ya king'amuzi, au weka TV kwenye hali ya michezo ya kompyuta. Ama jirani kushangilia goli kabla yako, hilo halina waya wa kulitibu. Kwenda setilaiti na kurudi ni robo ya sekunde tu. Sekunde nyingine zinaliwa na mitambo ya kufungasha picha, na mwenye redio ya FM mara nyingi atakutangulia.

Angani pana mambo ya bonde letu la Ifakara. Ifakara iko karibu na nyuzi 36.7 Mashariki, na setilaiti ya DStv ya eneo letu iko nyuzi 36 Mashariki. Iko karibu na utosi, ndiyo maana dishi lake hulazwa chali na kukusanya majani ya mwembe. Dishi la Azam hutazama nyuzi 7 Mashariki, kwa hiyo kwetu linaelekea magharibi, likiegemea kaskazini kidogo, kwa kimo cha nyuzi 54 hivi. Upande huo ndiko iliko Udzungwa, na wapo wanaoamini mlima unaziba. Hauzibi. Ukiwa mjini, hata kilele chake cha Luhombero chenye mita 2,576 kiko chini mno ya mstari huo. Anayeziba ni mwembe wa jirani ulioongezeka kimo tangu dishi lifungwe. Mvua nayo huziba, maana mawimbi haya yana urefu wa sentimita mbili na nusu tu na matone makubwa huyanyonya. Kwa kimo hicho, mvua iliyo kilomita tatu upande wa magharibi inaweza kukata sauti kabla tone halijagusa bati lako.

Umebaki mngurumo ule mzito usiokoma, "mmmmm", hata king'amuzi kikiwa kimya. Zima kila kitu, fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kisha uwashe. Mngurumo ukiondoka, dishi na sabufa vinagusa ardhi katika sehemu mbili tofauti, na umeme mdogo unazunguka kati yake kupitia waya wa sauti. Chomeka TV, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja, kisha mwite fundi umeme aunganishe nguzo ya dishi na ethi ya nyumba. Usikate waya wa ethi ili kunyamazisha mngurumo, hata kama fundi wa mtaani atakuambia ndiyo dawa.

Bonde hili lina mitambo mikubwa ya umeme wa maji, Kidatu ya megawati 204 na Kihansi ya megawati 180, lakini ng'ambo ya mto, kuelekea Lupiro na Malinyi, nyumba nyingi zinatumia sola. Huko mngurumo mara nyingi hutoka kwenye inveta ya bei rahisi, ambayo hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini. Kabla ya kulaumu sabufa, uliza kama ina tundu la volti 12. Zipo nyingi zenye tundu hilo, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye betri mngurumo hupotea na betri hudumu zaidi.

Radi zikianza, kuchomoa plagi ukutani hakutoshi. Waya wa dishi ni njia nyingine ya kuingilia ndani, na kutoka kwenye king'amuzi radi hupita kwenye waya mwekundu na mweupe mpaka kwenye sabufa, na kwenye HDMI mpaka kwenye TV. Fungua waya wa dishi mapema, wakati ngurumo bado ziko mbali, na uuweke pembeni mpaka zipite.