Mwenyekiti Asiye na Hazina

Mji wa Mpanda ulizaliwa na madini. Baada ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia, madini ya risasi yalipoanza kuchimbwa Mukwamba, serikali ya kikoloni iliivuta reli kutoka Kaliua, masafa ya kilomita 210 hivi za miombo na mbuga, ikaifikisha Mpanda mwaka 1950; mgodi wenyewe haukudumu miongo miwili, lakini reli ilibaki, na penye reli watu hawakosi. Mwaka 2012 Katavi ilitengwa na Rukwa ikawa mkoa wenye makao yake Mpanda. Sensa ya mwaka huo ilihesabu mkoani watu 564,604, na ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958, ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, ambalo hakuna mkoa mwingine wa Tanzania uliolifikia. Nsemulwa ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Mpanda, na mji unaokua kwa kasi ya namna hiyo hauna budi kuyasikia katika kata zake malalamiko matatu: kodi zinazidi, wezi wanazidi, na nyumba zinachipuka kila upande bila njia baina yake.

Watawala huyagawa malalamiko hayo katika idara tatu, na kila idara huwa na jawabu lake. Mimi naona ni lalamiko moja, nalo ni hili: yule kiongozi ambaye raia anamjua kwa uso, aliyempigia kura na anayeweza kumbishia hodi usiku wa manane, hana hazina, hana ramani, wala hana askari.

Wazee wangali wanaikumbuka kodi ya kichwa, ambayo uzeeni mwake iliitwa kodi ya maendeleo, na jinsi mgambo walivyowavizia wanaume njiani na minadani wakidai stakabadhi. Ilifutwa mwaka 2003, na sijapata kusikia mtu akiililia. Kodi ya siku hizi haina mgambo, huja kimya. Kodi ya majengo, ambayo hapo kale ilikuwa riziki ya halmashauri, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha, tangu Julai 2023, shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa mwenye mshahara hizo si fedha za kumnyima usingizi. Bali mpangaji wa chumba kimoja anayenunua umeme wa shilingi 2,000, akakuta robo tatu ya fedha yake imekwenda kabla taa haijawaka, ana haki ya kunung'unika, maana deni hilo kisheria ni la mwenye nyumba, na yeye ameachiwa kazi ya kumdai mtu ambaye aweza kumtoa chumbani kesho. Na anaponung'unika humwendea mwenyekiti wa mtaa, ambaye hakuipanga kodi hiyo, haioni, wala haigusi. Hata barabara ya mtaani iliyojaa makorongo iko mikononi mwa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, ambao hauwajibiki kwa diwani, sembuse kwa mwenyekiti.

Katika ardhi udhaifu huo ni dhahiri zaidi. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia habari za ujenzi uliopita kiasi hufikiria maghorofa ya Kariakoo, na lile jengo lililoporomoka huko tarehe 16 Novemba 2024 likaua watu. Katika miji ya bara mambo hayaendi juu, huenda pembeni. Mwenye shamba lililofikiwa na mji hulikata vipande kwa hatua za miguu, akaviuza mbele ya mashahidi, karatasi ya mauziano ikapigwa muhuri, na kila mnunuzi akajenga kwa haraka asije akatokea mwingine mwenye karatasi kama yake. Hakuna anayeuza njia, maana njia haina mnunuzi. Baada ya miaka kumi huja urasimishaji: wapimaji hufika na mawe yao ya mipaka, majirani wakatakiwa kumega viwanja ili gari lipite, na juu ya hasara hiyo wakatakiwa kuchangia gharama, ambazo serikali, wakati William Lukuvi alipokuwa Waziri wa Ardhi, iliwahi kuziwekea ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja. Kupima kabla ya kujenga kunawezekana, kwani mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulifanya hivyo. Lakini kwataka fedha ya kutangulia, na fedha ya kutangulia ndiyo adimu.

Ajabu ni kwamba mwanakijiji ana nguvu kumshinda mtu wa mjini. Kijiji ni chombo chenye nafsi mbele ya sheria, chaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, imeipa halmashauri yake mamlaka ya kusimamia ardhi kwa idhini ya mkutano mkuu wa wanakijiji. Mtaa hauna nafsi hiyo. Mji unapopanuka ukakimeza kijiji, wakazi wake hupandishwa cheo kwa jina wakashushwa kwa mamlaka, na lile walilokuwa wakiliamua chini ya mwembe sasa huamuliwa katika ofisi ya manispaa, juu ya mchoro ambao wengi wao hawajapata kuuona.

Kuhusu wizi sina mengi, kwa kuwa mengi yameshasemwa katika yaliyotangulia: mahali pasipo njia gari la polisi haliingii, na mahali pasipo taa mvunja nyumba hana haraka. Serikali huhimiza ulinzi shirikishi, ambao nasaba yake ni sungusungu, jeshi la jadi lililoanza katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwazuia wezi wa ng'ombe, na ambalo sheria ililitambua mwaka 1989. Lilirudisha usingizi kwa watu wengi. Lakini mahali pengine liliwapiga na kuwaua wasio na hatia, wakiwamo vikongwe waliosingiziwa uchawi. Vijana wa ulinzi shirikishi nao hula, huchoka, na hutaka viatu na tochi, hivyo kila kaya huombwa mchango, na mchango unaodaiwa mlangoni kila mwezi ni kodi ya pili kwa jina la heshima.

Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa mitaa nchini, huku vyama vya upinzani vikilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa kabla ya kura. Ushindi wa kiasi hicho ungeweza kuwa amana njema laiti walioshinda wangekabidhiwa kitu cha kutawalia; ilivyo, waliopewa ni muhuri na daftari. Jambo la kudaiwa, basi, ni dogo na laandikika kwa mistari michache: Bunge liupe mtaa nafsi ya kisheria kama kijiji, liuwekee fungu maalumu kutoka kodi ya majengo inayokatwa katika mita za wakazi wake, na mchoro wa mipango miji ubandikwe ofisini kwa mwenyekiti kabla shamba halijakatwa. Uchaguzi ujao wa mitaa, ukifuata desturi ya kila miaka mitano, utakuwa mwaka 2029, na watu wa Nsemulwa, pamoja na wenzao wa mitaa mingine, wamwulize mbunge wao juu ya madai hayo kabla ya siku hiyo, si baada yake.