Makinda Katika Michongoma

Somo letu latoka Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, aya ya 6 na ya 7. Humo Waisraeli waagizwa kwamba mtu akikuta kiota chenye makinda au mayai, na mama yao amelala juu yake, asimtwae mama pamoja na watoto. Mama aachwe aende zake. Agizo dogo kama hili limewekewa ahadi ya heri na siku nyingi, kama ile ya kuwaheshimu baba na mama!

Sisi tulikosa katika jambo hili mwaka jana, tena kwa huruma. Tulikuwa tukikata ua wetu wa michongoma tulipoona kinda ardhini. Alikuwa na manyoya na mkia mfupi, akirukaruka asiweze kupaa. Juu ya waya ndege wawili wa kahawia, wenye vichwa vyeusi na manjano chini ya mkia, walipiga kelele nyingi. (Mwawafahamu, huamka mapema kama jogoo.) Hatukuwajali. Tulimtia kinda katika katoni, tukampa mkate uliolowekwa katika maziwa, na maji kwa kijiko. Asubuhi tulimkuta amekufa. Watoto walilia, nasi hatukuwa na neno la kuwaambia.

Baadaye tulijifunza kwamba kinda wa namna ile hakupotea. Ndege wengi hutoka kiotani kabla ya kujua kuruka vizuri, na wazazi huwafuata huko chini wakiwalisha wadudu na matunda. Wale wawili juu ya waya walikuwa wakimlilia mtoto wao. Maji yakimiminwa mdomoni huweza kuingia njia ya pumzi, na maziwa si chakula cha ndege. Kama kinda yuko njiani, yatosha kumweka katika kichaka kilicho karibu, na paka afungiwe ndani. Asiye na manyoya bado arudishwe kiotani. Wengi wetu tuliambiwa utotoni kwamba mama humkataa kinda aliyeguswa na mtu. Sivyo, harufu ya mkono haimfukuzi.

Basi huruma yetu ilimnyang'anya kinda wale ambao Mungu aliwapa kazi ya kumlea. Twajiuliza ni mara ngapi tumemchukua mtoto wa ndugu maskini tukampeleka mjini, tukiita msaada, pasipo kukaa na wazazi wake na kuwauliza. Lakini hayo yana siku yake.

Sasa kiota kingine kimo katika michongoma ile ile, na mayai mawili. Huatamiwa kama majuma mawili, kisha makinda hukaa humo karibu muda kama huo. Jirani ametuuliza mara mbili kwa nini ua wetu umekuwa msitu. Tumemwomba atuvumilie mwezi mmoja, na panga tumeliweka stoo.