Rimoti isiyoitika

Rimoti (pia: kidhibiti cha mbali) ni kifaa kidogo cha mkononi kinachotumika kuamuru kifaa kingine bila kukigusa, kama vile televisheni, king'amuzi au kifaa cha kutiririsha video kutoka kwenye intaneti (kwa mfano Fire TV Stick, Roku na Chromecast). Rimoti isiyoitika ni ile inayobonyezwa bila kifaa kufuata amri. Mara nyingi tatizo hilo huondolewa nyumbani bila gharama, na si lazima rimoti iwe imekufa.

Historia

Rimoti ya kwanza ya televisheni ya kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoka mwaka 1950, nayo iliunganishwa na televisheni kwa waya mrefu. Mwaka 1955 Eugene Polley alibuni rimoti iliyotumia mwali wa mwanga, na mwaka 1956 Robert Adler alileta ile iliyotumia sauti ya juu isiyosikika na sikio la binadamu. Baadaye mwanga wa infraredi ulichukua nafasi hiyo.

Nchini Tanzania, mitambo ya analojia ilianza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Tangu hapo nyumba nyingi zina rimoti mbili, ya televisheni na ya king'amuzi. Anayeongeza kifaa cha kutiririsha huwa na ya tatu.

Jinsi inavyofanya kazi

Kuna aina kuu mbili.

Rimoti ya infraredi ina taa ndogo mbele yake. Kitufe kikibonyezwa, taa hiyo huwaka na kuzimika kwa mpangilio maalumu, kwa kawaida mara 38,000 hivi kwa sekunde. Mwanga huo hauonekani kwa macho, nao haupiti kwenye ukuta, kitambaa kizito au mlango wa kabati. Ving'amuzi vingi hutumia aina hii.

Rimoti ya redio hutumia Bluetooth au Wi-Fi. Haihitaji kuelekezwa kwenye kifaa, ila ni lazima kwanza ioanishwe nacho, yaani vitambuane. Rimoti za Fire TV zenye vitufe vya sauti huchanganya njia zote mbili: mishale hutumia Bluetooth, lakini kuwasha televisheni na kuongeza sauti hutumia infraredi. Kwa hiyo sauti ikiitika na mishale isiitike, betri si za kulaumiwa kwanza. Huenda uoanishaji umepotea.

Kutafuta chanzo

Kasoro inaweza kuwa mahali patatu: kwenye rimoti, kwenye njia ya mawimbi, au kwenye kifaa chenyewe. Ni vema kukagua kwa utaratibu.

1. Hakikisha ni rimoti sahihi, na kwamba televisheni imewekwa kwenye mlango wa HDMI ambamo kifaa kimechomekwa.

2. Badilisha betri zote mbili kwa pamoja. Betri mpya ya kawaida ina volti 1.5, moja chakavu huidhoofisha nyenzake. Angalia alama za + na −.

3. Kagua vibati vya betri. Betri iliyovuja huacha unga mweupe au wa kijani. Kwa betri za alkali, pamba yenye matone machache ya siki au limau huondoa unga huo, kwa kuwa asidi hafifu huzimua alkali. Futa kwa spiriti na uache pakauke. Usishike unga huo kwa mikono mitupu.

4. Toa betri, bonyeza kila kitufe mara kadhaa, kisha zirudishe. Kitufe kilichokwama hutuma amri moja bila kukoma na kuzuia nyingine.

5. Ipime kwa kamera ya simu. Elekeza taa ya rimoti kwenye kamera, ukibonyeza kitufe. Mwanga mweupe au wa zambarau ukionekana kwenye kioo cha simu, rimoti inatuma. Kamera ya mbele hufaa zaidi, kwani kamera nyingi za nyuma huchuja infraredi. Kwa rimoti ya redio kipimo hiki hakifai, isipokuwa kwa vitufe vinavyotumia infraredi.

6. Ondoa vizuizi. Jua kali linalopiga moja kwa moja kwenye kipokezi, au taa za mirija, huweza kuvuruga infraredi. Kwa Bluetooth, kijiti kilichobanwa nyuma ya televisheni hufunikwa na bati lake; waya mfupi wa HDMI wa kuongezea husaidia.

7. Chomoa kifaa kwenye umeme kwa dakika moja, kisha kirudishe. Mlango wa USB wa televisheni nyingi hutoa ampea 0.5 tu, hivyo ni bora kutumia chaja iliyokuja na kifaa.

8. Oanisha upya. Kwa Fire TV, shikilia kitufe chenye picha ya nyumba kwa sekunde 10. Kwa rimoti za Roku zenye kitufe cha kuoanisha, mara nyingi kitufe hicho kipo ndani ya sehemu ya betri.

Iwapo rimoti imeharibika kabisa

Programu za simu za Fire TV, Roku na Google TV zinaweza kushika nafasi ya rimoti, mradi simu na kifaa viwe kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi. Kama mtandao wa zamani haupo tena, simu ya pili inaweza kugawa intaneti kwa jina na nywila zilezile za mtandao huo, na kifaa kitajiunga chenyewe. Televisheni nyingi pia huruhusu rimoti yake kuongoza kifaa kupitia waya wa HDMI, baada ya kuwashwa kwenye mipangilio.

Njia hizi zina faida kubwa mahali palipo mbali na mafundi. Katika kata ya Muze, kwenye Bonde la Ziwa Rukwa, anayetafuta vipuri mjini Sumbawanga hupanda ukingo wa bonde hadi uwanda wa juu wa Ufipa. Joto la bondeni huharakisha kuvuja kwa betri zilizosahaulika ndani ya rimoti, na baridi ya Ufipa ya Juni na Julai hupunguza nguvu ya betri zilizokaribia kuisha.

Usalama

Rimoti ndogo bapa hutumia betri ya umbo la sarafu. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo lake vibaya ndani ya saa mbili, hata kama haonyeshi dalili. Apelekwe hospitali mara moja, wala asitapishwe. Betri zilizokwisha zisitupwe motoni, kwa kuwa zinaweza kulipuka.