Kwa Nini Niigata Walimrudisha Tanaka?

Msikilizaji, tarehe 12 Oktoba 1983 mahakama moja ya Tokyo ilimtia hatiani aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani, Bwana Kakuei Tanaka, kwa kupokea hongo ya yen milioni 500. Alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Miezi miwili baadaye, akiwa nje kwa dhamana, aligombea tena ubunge. Watu wa mkoani kwake Niigata walimpa kura zaidi ya 220,000, nyingi kuliko alizowahi kupata.

Je, watu hawa hawakuwa wakisoma magazeti? La hasha. Walisoma na walijua.

Bwana Tanaka alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji kimoja cha Niigata, upande wa Bahari ya Japani, ambako theluji huanguka nyingi mno. Baba yake alifanya biashara ya ng'ombe na farasi, na biashara hiyo ikamharibikia. Kijana Kakuei hakufika chuo kikuu. Akiwa na umri wa miaka 15 alikwenda Tokyo, akafanya kazi mchana na kusoma usiku, na hatimaye akaanzisha kampuni ya ujenzi. Mwaka 1947 aliingia bungeni.

Neema ya viwanda wakati ule ilikuwa upande wa Pasifiki: Tokyo, Nagoya na Osaka. Huku kwenye theluji, wakulima waliziacha familia zao kila majira ya baridi na kwenda mijini kutafuta vibarua. Bwana Tanaka akawaahidi barabara, mahandaki na reli. Chama cha wafuasi wake, Etsuzankai, kilikusanya maombi ya vijiji, naye, akiwa Waziri wa Fedha kuanzia 1962 hadi 1965, alizijua njia zote za bajeti. Fedha zikaja. Mwaka 1982 hata treni ya kasi, Shinkansen, ikafika Niigata.

Sasa tutazame upande wa pili. Makandarasi waliopata kazi hizo walitoa shukrani kwa michango ya fedha na kwa kura. Fedha hizo zilimwezesha Bwana Tanaka kuwasaidia wabunge wenzake gharama za uchaguzi, nao wakawa kundi lake ndani ya chama tawala, LDP. Hivyo ndivyo alivyopata nguvu ya kuwa Waziri Mkuu Julai 1972. Septemba mwaka huo alikwenda Beijing na kurejesha uhusiano wa kibalozi na China.

Mwaka 1974 jarida la Bungei Shunju lilifichua namna alivyokuwa akijipatia fedha, naye akajiuzulu kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 1976 ilibainika katika Baraza la Seneti la Marekani kwamba kampuni ya ndege ya Lockheed ilikuwa imemwaga fedha Japani ili ipate wateja. Julai Bwana Tanaka akakamatwa, akajitoa katika chama. Hata hivyo wabunge wa kundi lake walizidi 100, na Ohira, Suzuki na Nakasone wote walipata uwaziri mkuu kwa msaada wake. Wajapani wakamwita jemadari wa gizani.

Katika uchaguzi ule wa 1983 nchi ilikuwa na hasira, na LDP kikapoteza wingi wake bungeni. Lakini mwanakijiji wa Niigata aliona handaki lake. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Tanaka haukuwahi kuwafikia mtupu.

Hapo ndipo penye mtego, msikilizaji. Handaki lile halikutoka mfukoni mwa Tanaka. Lililipwa kwa kodi za Wajapani wote. Haki ya raia ikishageuzwa kuwa fadhila ya mtu mmoja, mpiga kura hawezi tena kumhukumu mtu huyo, maana anaogopa kwamba akimwangusha, na barabara itakwenda naye.

Februari 1985 Bwana Tanaka alipatwa na kiharusi, akashindwa kusema vizuri. Uchaguzi wa 1986 hakuweza kupanda jukwaani hata mara moja. Niigata wakamchagua tena. Alifariki dunia Desemba 1993, rufaa yake ikiwa bado haijaamuliwa, na kiti cha ubunge kikiwa tayari kimechukuliwa na binti yake, Makiko.